Mwongozo wa kutafuta peni adimu za Uingereza: tazama wapi, epuka nini

Swali linalokuja mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nimepata peni ya zamani ya Uingereza, inauzwa bei gani?" Na mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1967. Jibu lake ni fupi. Peni zenye tarehe ya 1967 zilipigwa zaidi ya milioni 650, na kiwanda cha Royal Mint kiliendelea kuzipiga kwa tarehe hiyohiyo hata baada ya mwaka wenyewe kwisha. Zimejaa tele. Lakini chukua peni mbili za 1902, zote zimechakaa kiasi kilekile, na moja inaweza kuwa na bei kubwa mara kadhaa kuliko mwenzake, kwa sababu tu mstari wa bahari nyuma ya Britannia, yule mwanamke mwenye ngao anayewakilisha Uingereza upande wa pili wa kichwa, umechorwa chini kidogo.

Umri wa sarafu haukuambii bei. Mwaka peke yake hukuambia kidogo tu. Kinachotenganisha peni ya kawaida na peni adimu mara nyingi ni alama ndogo, na alama hiyo ina mahali pake maalumu kwa kila mwaka. Mwongozo huu unakuonyesha mahali hapo. Nazungumzia zile peni za zamani, 240 kwa pauni moja, za mfumo uliokoma tarehe 15 Februari 1971 Uingereza ilipohamia desimali.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Usinunue ya mara 30 au 40. Utaona eneo dogo mno na utapotea.
- Mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.01, kama wanayotumia masonara.
- Kalipa ya kupimia upana kwa milimita.
- Taa ya mezani yenye shingo inayoinama. Mwanga wa dari hauonyeshi chochote.
- Kitambaa laini cha kutandika mezani. Peni ikidondoka kwenye sakafu ya saruji hupata jeraha la kudumu.
- Vikadi vyenye dirisha au vifuko vya plastiki isiyo na PVC.
- Daftari.
- Peni za kawaida za kulinganishia, za bei ya chini. Za kuanzia ziwe ya 1902, ya 1927 na mojawapo ya Victoria ya miaka ya 1860.

Watu wengi huruka hicho cha mwisho, nacho ndicho chenye faida kuliko vyote.

Hatua ya 1: Tenganisha kwa madini na ukubwa

Peni zilizopigwa kuanzia 1797 hadi kabla ya 1860 ni za shaba, nzito na pana. Ile kubwa ya 1797, iliyopigwa na Matthew Boulton katika kiwanda chake cha Soho, Birmingham, ina upana wa milimita 36 na uzito wa wakia nzima, yaani gramu 28.3. Peni za shaba za Victoria zina upana wa milimita 34 hivi na uzito unaokaribia gramu 19.

Mwaka 1860 Uingereza ilihamia bronzi: shaba asilimia 95, bati 4, zinki 1. Peni ikapungua hadi milimita 30.8 na gramu 9.4, na vipimo hivyo vikakaa mpaka mwisho wa mfumo wa zamani. Ukiwa unaanza, shika bronzi tu. Ziko nyingi, bei zake zinaeleweka, na aina zake zimeorodheshwa vizuri.

Hatua ya 2: Jua kichwa cha nani

Victoria kijana, nywele zimefungwa kisogoni: 1860 hadi 1894. Victoria mzee mwenye shela kichwani: 1895 hadi 1901. Edward VII: 1902 hadi 1910. George V: 1911 hadi 1936. Baada yake George VI kuanzia 1937, kisha Elizabeth II kuanzia 1953.

Kama upande wa kichwa umefutika, geuza. Britannia aliyeketi ana mnara wa taa kushoto mwa sarafu na meli kulia mpaka 1894. Mwaka 1895 vyote viwili viliondolewa. Mnara ukarudi 1937. Hata peni iliyosuguliwa sana huwa bado inaonyesha kivuli cha mnara.

Hatua ya 3: Soma tarehe, kisha tafuta herufi

Royal Mint ilipozidiwa na kazi, iliagiza peni kutoka Birmingham. Zilizopigwa na Ralph Heaton na wanawe zina herufi H chini ya tarehe: 1874, 1875, 1876, 1881 na 1882. Baadaye H ilirudi mwaka 1912, 1918 na 1919, safari hii ikiwa kushoto kwa tarehe. Miaka ya 1918 na 1919 kampuni ya Kings Norton nayo ilipiga peni, na alama yake ni KN. Ukiwa na senti za tundu za Afrika Mashariki za wakati wa mkoloni, zichunguze: baadhi zina H au KN hizohizo, kwa kuwa viwanda hivyo viliipigia sarafu serikali ya kikoloni pia.

Wengi huona H ya 1912 wakadhani wametajirika. Hizo zilipigwa 16,800,000, kwa hiyo si adimu. Za kutafuta ni H ya 1875 (752,640 tu) na KN za 1918 na 1919. Mwaka 1918 H na KN kwa pamoja zilikuwa 3,660,800, na mwaka 1919 zilikuwa 5,209,600. Katika miaka yote miwili KN ndiyo ngumu zaidi kupatikana.

Onyo: peni ya 1882 ni kinyume chake. Yenye H ni ya kawaida. Isiyo na H ndiyo adimu mno. Kwa hiyo matapeli hukwangua H. Inamisha sarafu chini ya taa na utazame nafasi iliyo chini ya tarehe. Kama kuna bonde dogo, mng'aro tofauti au mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, irudishe ilikotoka.

Hatua ya 4: Tazama mahali panapohusika kwa mwaka huo

Nadharia kidogo tu hapa. Chapa ya chuma inayopigia sarafu huchakaa, hutengenezwa upya, na wakati wa Victoria tarakimu za tarehe ziligongwa kwenye chapa kwa mkono. Ndiyo sababu peni za mwaka mmoja hazifanani zote. Wakusanyaji hutumia namba za Michael Freeman, aliyeorodhesha aina za peni za bronzi: tarakimu kwa upande wa kichwa, herufi kwa upande wa Britannia. Ukikuta "6+G", hiyo ni jozi ya kawaida ya miaka ya 1860 baada ya ule mwanzo wa vurugu. Alama ya R huonyesha uadimu, na kadiri inavyokaribia R20 ndivyo zilizobaki zinavyokuwa chache.

Anza na 1860. Tazama ukingo wa ndani kuzunguka sarafu. Zile za mwanzo zina vidoti mviringo kama shanga. Zilizofuata zina meno. Zenye shanga ni ngumu zaidi kupatikana kuliko zenye meno. Kuna nyingine zilizochanganywa, shanga upande mmoja na meno upande wa pili, na hizo ni adimu sana. Kwa hiyo peni ya 1860 hukaguliwa pande zote mbili, kila mara.

Miaka inayofuata ina mambo mengi. Katika 1862, zipo chache ambazo tarehe yake ina tarakimu ndogo za nusu peni. Katika 1863, tazama chini ya tarehe: tarakimu ndogo ya chapa, kama 2, 3 au 4, ni kitu kikubwa. Mwaka 1864 wote ni mgumu, uwe na 4 yenye kimstari mkiani au isiyo nacho. Katika 1865, tafuta mabaki ya 3 ndani ya 5. Peni za 1869 (2,580,480) na 1871 (1,290,240) ni adimu kwa mwaka wenyewe, na kwa hizo huhitaji lenzi, unahitaji tarehe inayosomeka bila ubishi. Ya 1877 yenye tarehe iliyobanana inajulikana kwa vipande vichache mno. Usiitegemee, ila usiache kuikagua.

Katika 1889 hesabu majani ya taji la Victoria. Kumi na tano ni kawaida, kumi na nne ni pungufu kupatikana.

Katika 1895 pima nafasi kati ya mkuki wa ncha tatu wa Britannia na herufi P ya PENNY. Ikiwa milimita 1, ni ya kawaida. Ikiwa milimita 2, umepata. Tofauti hii huonekana hata kwenye picha mbaya ya muuzaji, ndiyo maana naipenda kwa anayeanza.

Katika 1897 ipo yenye nukta kati ya O na N katika neno ONE. Ni adimu sana, na nukta huwa palepale siku zote. Uchafu na vidonda vya kutu huwadanganya watu wengi hapa.

Sasa 1902, ambayo kila mtu anaweza kuipata. Fuata mstari wa bahari mpaka unapomfikia Britannia. Kwenye maji kujaa, mstari uko sawa na mahali miguu yake inapopishana. Kwenye maji kupwa, mstari uko chini ya hapo. Maji kupwa ndiyo adimu. Weka sarafu sambamba na macho, usiinamishe, maana ukiinamisha bahari itaonekana kupanda au kushuka.

Kwa George V kulikuwa na tatizo la kiufundi: kichwa kilikuwa kikubwa na kirefu kwenda juu kiasi kwamba kilivuta madini, na kivuli chake kikatokea upande wa Britannia. Royal Mint ilijaribu marekebisho mbalimbali. Moja lilikuwa la 1915 na 1916, ambapo sikio la mfalme linaonekana limezama kama lililowekwa ndani ya kishimo. Hizo ziweke pembeni. Lingine ni la 1926, ambapo kichwa kilibadilishwa katikati ya mwaka. Kichwa cha zamani kina herufi za mchongaji Bertram Mackennal, B.M., zenye nukta mahali shingo inapokatika. Kipya kina BM bila nukta. Cha 1926 chenye kichwa kipya ndicho kinachotafutwa. Njia nyepesi kuliko zote ni kuiweka kando ya peni ya 1927, kwa kuwa za 1927 zote zina kichwa kipya. Zikifanana, ongeza taa ukague tena kwa utulivu.

Katika 1940 tazama mstari ulio juu ya tarehe. Ikiwa mistari ni miwili, ni ya kawaida. Ikiwa ni mmoja, ihifadhi.

Peni za 1950 (240,000) na 1951 (120,000) hazihitaji alama yoyote. Ni chache zenyewe, na zilipelekwa Bermuda.

Hatua ya 5: Linganisha sarafu na sarafu

Picha ya kwenye simu imepindishwa na lenzi, imekatwa, na mwanga wake si wako. Weka peni unayoishuku na peni ya kawaida ya mwaka huohuo mezani, zote Britannia akiwa wima, taa ikitokea upande mmoja. Sogeza jicho kutoka alama ileile ya hii kwenda ya ile. Kisha geuza taa itoke upande wa pili urudie. Alama halisi hubaki palepale, kivuli huhama.

Hatua ya 6: Pima na shuku

Peni ya bronzi iliyotumika sana hupungua uzito kidogo, kwa hiyo gramu 9.1 au 9.2 isikutishe. Gramu 8 ikutishe. Bronzi haivutwi na sumaku. Kagua pembeni kwa lenzi: mstari wa kiungo unaozunguka sarafu unamaanisha imetengenezwa kwa kuunganisha maganda mawili, na vishimo vidogo vya mapovu usoni vinamaanisha imemiminwa kwenye kalibu. Sarafu halisi hupigwa, haimiminwi.

Peni ya 1933 ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Mwaka ule benki hazikuhitaji peni mpya, zikapigwa chache tu, zinazojulikana ni takriban saba, baadhi zikawekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Ya kanisa la St Cross, Middleton, Leeds, iliibwa 1970. Ukiuziwa "1933" sokoni, karibu hakika ni tarakimu ya mwisho ya mwaka mwingine iliyochongwa. Usilipe hata bei ya tiketi ya bahati nasibu.

Hatua ya 7: Amua hali yake

Waingereza hupanga hali kwa F (Fine), VF (Very Fine), EF (Extremely Fine) na UNC (Uncirculated), kutoka iliyotumika sana hadi isiyoingia sokoni kabisa. Sehemu zinazochakaa kwanza ni nywele juu ya sikio la Victoria, na kwa Britannia ni kifua, kofia ya chuma na ngao. Kwa peni ya kawaida, hali ndiyo bei. Kwa aina adimu kama KN, hata F inauzika vizuri. Kwa zile adimu mno, iliyochakaa bado ni hazina mradi alama yenyewe isomeke.

Hatua ya 8: Nunua kwa macho

Fungu la peni mchanganyiko kutoka mnada wa mtandaoni, au masoko ya mitumba ya Jumapili kwa walioko Uingereza, ndiyo shule bora. Muuzaji anayeandika "peni ya Edward VII, 1902" bila kutaja bahari huenda hajaitazama. Omba picha ya pande zote mbili, moja kwa moja kutoka juu. Kwa kitu cha bei kubwa, nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, na ujue gharama ya posta na ushuru wa forodha wa nchi yako kabla ya kupandisha dau.

Usinunue peni inayong'aa rangi ya waridi kama sufuria mpya. Imesuguliwa.

Hatua ya 9: Hifadhi na uandike

Shika sarafu kwa ukingo. Jasho la kidole huacha alama ambayo baada ya miezi huwa doa lisilotoka. Vifuko vya plastiki laini vyenye PVC hutoa utelezi wa kijani unaokula bronzi; achana navyo hata kama ni vya bure. Ukiishi pwani, iwe Mombasa, Zanzibar au Muscat, hewa ya chumvi na unyevu ni adui mkubwa kuliko mwizi. Tumia kopo linalofunga vizuri lenye pakiti za silika, na uzibadilishe zikishalowa.

Kwenye daftari andika mwaka, aina, namba ya Freeman kama unaijua, uzito, ulipoipata na ulicholipa. Andika siku hiyohiyo.

Usisafishe

Narudia kwa sababu hasara yake hairekebishiki. Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, dawa ya kung'arishia shaba: vyote huondoa ngozi ya juu ya sarafu. Bei hushuka papo hapo, na mnunuzi mzoefu huiona hata kwenye picha. Kama kuna udongo mkavu, loweka kwenye maji safi yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke uliopoa (distilled water), kisha iache ikauke juu ya kitambaa bila kusugua. Kama ni utelezi wa PVC, asetoni safi huutoa bila kugusa madini. Fanyia dirishani, mbali na moto.

Matatizo ya kawaida

*Peni yangu ya 1945 ni nyeusi, imeharibika?* Hapana. Wakati wa vita bati lilipunguzwa kwenye bronzi, na Royal Mint ikazitia peni mpya weusi kwa kemikali. Utauona kwenye 1944 hadi 1946. Iache hivyo.

*Naona nusu ya H.* Linganisha mahali ilipo na H kamili ya mwaka huohuo. Ikiwa haipo palepale, ni kidonda.

*Siwezi kuamua maji kupwa au kujaa.* Sarafu imechakaa mno pale miguu inapopishana. Itafutie mwenzake iliyo wazi, uziweke pamoja. Ikishindikana, iorodheshe kama ya kawaida.

*Kuna unga wa kijani kibichi unaorudi kila nikiufuta.* Hiyo ni kutu inayoambukiza. Itenge na nyingine leo, ikae mahali pakavu peke yake.

*Tarakimu za tarehe zina kivuli pacha.* Mara nyingi chapa iliruka kidogo wakati wa kupiga, au imechakaa. Kivuli bapa kama ngazi hakina thamani. Tarakimu ya pili yenye umbo kamili, kama ile 3 ndani ya 5 ya 1865, ndiyo ya kufuatilia.

*Muuzaji anasema ni adimu, mimi siioni kwenye orodha yoyote.* Mwombe akutajie namba ya Freeman na akuonyeshe alama yenyewe kwenye picha. Asipoweza, lipa bei ya peni ya kawaida au iache.